Picha ya 3D ya mishipa ya damu ikitoka vibaya: dalili, chanzo na marekebisho

Nawaandikia wenzangu wa vyumba vya CT na MRI (mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, CT kwa eksirei, MRI kwa sumaku), Kampala, Mbarara, Gulu, Arua na kwingineko Uganda, pamoja na madaktari vijana wanaojifunza kutengeneza picha za mishipa ya damu kwenye kompyuta zao. Haja ya picha hizi inakua. Desemba 2023 Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago ilifanya upandikizaji wa figo, na mtu anayetoa figo ni lazima ramani ya mishipa yake ijulikane kabla kisu hakijagusa ngozi. Wapasuaji wa moyo, wa ubongo na wa mishipa nao wanataka picha wanayoweza kuizungusha na kuitazama kutoka nyuma.

Picha ikitoka vibaya, wengi hukimbilia rangi na vitelezi vya programu. Mara nyingi chanzo hakiko hapo. Picha ya 3D ni kituo cha mwisho cha safari iliyoanzia kwenye kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, na dosari iliyotokea mkononi mwa mgonjwa haiondolewi kwa kipanya. Kwa hiyo ifuate dalili kinyumenyume mpaka ufike ilikozaliwa.

Namba mbili za kusoma kwanza

Fungua vipande vya asili, vile vya kukingama, kabla ya kugusa 3D. Weka duara dogo la kupimia ndani ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) unayoishughulikia usome wastani wake kwa vipimo vya Hounsfield, HU. (Vimepewa jina la Godfrey Hounsfield, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg.) Hewa ni -1000, maji ni 0, nyama ni kama 50. Ateri iliyojaa vizuri dawa ya kontrasti, ile yenye iodini inayoing'arisha damu kwenye picha, husoma 250 na kuendelea. Halafu soma unene wa kipande.

Ateri ikisoma 300 na vipande vikiwa na unene wa milimita 1 au chini, shida yako iko kwenye kompyuta na inatengenezeka leo. Ateri ikisoma 160, shida iko kwenye dawa au muda. Vipande vikiwa na milimita 5, shida iko kwenye namna data ilivyotayarishwa, na kuna simu unayopaswa kuipiga haraka. Nitaieleza.

Mishipa yote imefifia

Kila ukishusha kizingiti, yaani HU ya chini kabisa inayochorwa kwenye 3D, ili mishipa itokeze, nyama na viungo vingine vinaibuka pamoja nayo. Anza kwa kuuliza habari za kanula. Kipimo cha ateri kinataka dawa iingie kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kasi hiyo inahitaji kanula ya kijani, geji 18, au angalau ya pinki, geji 20, kwenye mshipa mnene wa kiwiko. Ile ya bluu, geji 22, iliyowekwa wodini mgongoni mwa kiganja kwa ajili ya dripu, haifai kwa kazi hii. Mwombe muuguzi aweke nyingine kabla mgonjwa hajapanda mezani. Dakika tano hizo ni nafuu kuliko kurudia kipimo. Uliza pia kama maji ya chumvi yalifuata dawa. Mililita 30 hadi 40 kwa kasi ileile husukuma dawa iliyosalia mkononi iende inakohitajika. Bila maji hayo, sehemu ya dawa ambayo familia ya mgonjwa imeihangaikia inabaki kwenye mkono wake.

Kama kanula ilikuwa sawa, tazama muda. Sehemu nyingi mashine inawekewa muda wa kungoja usiobadilika, tuseme sekunde 25, kwa kila mgonjwa. Hapa kwetu mazoea hayo yanatuumiza sana. Tuna wagonjwa wengi ambao valvu za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na wengine ambao misuli ya moyo imedhoofika. Kwao damu inakwenda polepole, na sekunde ya 25 dawa bado iko moyoni. Kijana mwenye upungufu mkubwa wa damu ni kinyume chake: moyo unakimbia, na dawa imeshapita. Iache mashine iifuatilie dawa yenyewe: weka duara kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, weka kizingiti cha HU 100 hadi 150, na picha zianze dawa inapofika hapo. Mashine isiyo na uwezo huo, toa dozi ndogo ya majaribio, mililita 15 hadi 20, uone aota inang'aa kwenye sekunde ya ngapi, ndipo upange dozi kamili.

Jambo la tatu ni volteji ya mrija wa eksirei. Iodini hunyonya miale kwa nguvu zaidi pale nishati inapokaribia keV 33.2 kutoka juu, hivyo kushusha kV kutoka 120 hadi 100, au 80 kwa mgonjwa mwembamba na watoto, huing'arisha dawa ileile na hupunguza mionzi. Kwa mtu mnene 80 italeta chenga nyingi, usilazimishe.

Na kama kipimo kimeshafanyika na mgonjwa ameshaondoka? Usiharakishe kumrudisha, maana kila dozi ya dawa ni mzigo kwa figo na kila kipimo ni mionzi. Achana na picha ya ujazo yenye rangi, yaani ile 3D ya kuzungusha. Tumia MIP, picha inayoonyesha nukta inayong'aa zaidi tu katika kila mstari wa kutazama, ya tabaka jembamba, milimita 5 hadi 10, na vipande vilivyokatwa kwa mwelekeo wa mshipa. Mara nyingi swali la daktari linajibika hapo, ingawa picha haitakuwa ya kupendeza.

Ateri zinang'aa, lakini mshipa unaoulizwa haupo

Hii hutokea zaidi tumboni. Watu wa kando ya Ziwa Albert na Pakwach wanaijua kichocho ya matumbo: ini linapata makovu, shinikizo la vena inayopeleka damu kwenye ini linapanda, wengu unavimba, na vena (mishipa inayorudisha damu) za umio zinatuna hadi mgonjwa anatapika damu. Daktari anaomba ramani ya vena hizo, halafu anapelekewa kipimo cha ateri kilichopigwa sekunde ya 25 hadi 30. Vena inayoingia kwenye ini wakati huo bado haijapata dawa. Mshipa usiojazwa dawa hauchoreki. Piga sekunde ya 65 hadi 70 tangu kuanza kusukuma dawa, na kwenye fomu ya maombi andika neno vena, si "mishipa" tu. Wingi wa dawa hupangwa kwa uzito wa mgonjwa.

Kwenye mapafu kuna hila nyingine. Kanula nzuri, muda mzuri, aota inang'aa, vena kuu ya juu inang'aa, lakini ateri za mapafu zilizo kati yake zimefifia. Mgonjwa alivuta pumzi ndefu sana. Pumzi hiyo ilivuta damu isiyo na dawa kutoka tumboni kupitia vena kuu ya chini, ikaichanganya ile yenye dawa. Mwambie avute pumzi ya kawaida na kuishika, basi.

Kuta za mshipa zina vidaraja

Unazungusha aota na unaona ngazi pembeni. Hapa rangi hazina kosa lolote. Ukigawanya eneo la milimita 350 kwa pikseli 512 unapata pikseli ya karibu milimita 0.7. Kipande cha milimita 5 kinamaanisha kila chembe ya data ni 0.7 kwa 0.7 kwa 5, yaani nguzo ndefu iliyosimama. Hakuna programu inayoweza kuirudisha habari iliyopotea ndani ya nguzo hiyo. Ukiilainisha unaficha tu ngazi.

Piga simu chumba cha CT mara moja. Data ghafi hukaa kwenye mashine kwa siku chache kisha hufutwa ili kupisha wagonjwa wengine. Ikiwa bado ipo, omba itengenezwe upya kwa vipande vya milimita 0.6 hadi 1 vinavyopandiana kwa nusu, na kichujio laini cha nyama, si kile kikali cha mifupa. Kichujio kikali hupamba kingo kwenye kipande kimoja lakini kwenye 3D huleta chenga zinazofanya ukuta wa mshipa uonekane umeota ukurutu. Data ghafi ikiwa imeshafutwa, mweleze daktari waziwazi kwamba vipimo vya urefu na upana kutoka kwenye picha hiyo havifai kwa kupanga upasuaji.

Vituo vingi huhifadhi vipande vinene pekee ili kuokoa nafasi kwenye diski. Naelewa sababu, lakini kwa vipimo vya mishipa naomba sana vyembamba vihifadhiwe. Diski hupatikana dukani. Mgonjwa aliyetoka Karamoja kwa basi hawezi kuitwa tena kesho.

Mshipa umekatika katikati

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu pengo kwenye 3D linaweza kuwa ugonjwa wa kweli, na linaweza kuwa uongo mtupu.

Chanzo cha kwanza ni kizingiti. Mpaka wa mshipa mnene uko karibu na nusu ya njia kati ya mwanga wa ndani na wa nje: ndani 350, nje nyama 50, nusu yake ni 200. Kizingiti hicho kinaichora aota kwa haki. Lakini ateri ya milimita 2 huchanganyika na nyama iliyo jirani ndani ya chembe ileile ya data, na kilele chake kinaweza kuwa 180 tu. Kwa kizingiti cha 200 ateri hiyo imefutwa. Kwa mtoaji figo hilo ni jambo zito. Takriban robo ya watu, au zaidi kidogo, wana ateri ya ziada inayolisha figo, na mara nyingi ni nyembamba. Mpasuaji akiambiwa kuna ateri moja kumbe ziko mbili, atagundua wakati damu inatoka. Kwa hiyo shusha kizingiti hatua kwa hatua huku ukitazama, kisha pitia vipande vya asili kuanzia juu ya figo hadi nyonga ukihesabu kila ateri inayotoka kwenye aota. Hesabu hiyo ifanye kwa macho yako, kwenye vipande, si kwenye picha yenye rangi.

Chanzo cha pili ni chokaa. Wazee na wagonjwa wa kisukari wana chokaa kwenye kuta za ateri za miguu. Chokaa hung'aa kuliko dawa, na mng'ao wake humwagika nje ya mipaka yake. Kwenye MIP itaifunika njia ya damu yote uone mshipa mweupe mzima, usijue kama damu inapita. Ukiifuta chokaa kwa programu, unafuta na kipande cha njia, ndipo pengo linazaliwa. Panua dirisha la kutazamia, yaani masafa ya HU yanayoonyeshwa kwenye skrini, hadi upana wa 1000 au zaidi, kata vipande vinavyoukingama mshipa pale penye chokaa, na utazame kama kuna njia pembeni yake. Kwa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachowekwa kuutanua mshipa, fanya vivyo hivyo.

Chanzo cha tatu kinawahusu watoto wetu wenye selimundu, nami nakipa uzito kwa sababu ugonjwa huu uko kila kona ya nchi: utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wanabeba kinasaba chake. Watoto wenye ugonjwa wenyewe huweza kupata kiharusi, kwa hiyo hupigwa MRI ya TOF, ile isiyotumia dawa bali hutegemea damu mpya inayoingia kwenye eneo la picha. Upungufu wa damu huifanya damu yao ikimbie, na pale ateri ya shingo inapoingia kichwani na kugawanyika, mkondo unavurugika na ishara ya MRI inapotea. Matokeo yake ni pengo pale pale ambapo selimundu hubana mishipa kweli. Utatofautishaje? Tazama mbele ya pengo. Matawi yakiwa mazima, manene na yenye mwanga mzuri, lishuku pengo. Yakiwa yamenyongea, au kuna vimishipa vingi vidogo vimejitokeza chini ya ubongo kutafuta njia mbadala, ugonjwa upo. Rudia kipimo kwa TE (muda wa kungoja ishara irudi) fupi kadiri mashine inavyoruhusu na chembe ndogo zaidi za data, na ulinganishe na ultrasaundi ya kupima kasi ya damu kupitia fuvu. Usimpe mzazi jina la ugonjwa kwa sababu ya picha moja ya MIP.

TOF ina hila ya upande wa pili pia: damu iliyoganda ya siku kadhaa inaweza kung'aa yenyewe na kujifanya mshipa wenye damu inayotembea. Picha za T1, aina ya kawaida ya picha za MRI, zitaifichua.

Mifupa imefunika kila kitu

Mfupa na dawa hugongana kwenye HU zilezile, ndiyo maana kizingiti peke yake hakiwezi kuvitenganisha. Kata eneo kwanza: ondoa mbavu na uti wa mgongo kwa mkasi wa programu ukiangalia kutoka pande mbili. Ikiwa kuna kipimo kilichopigwa kabla ya dawa na mgonjwa hakusogea, programu inaweza kukitoa kutoka kwenye kile chenye dawa ukabaki na mishipa. Pale ateri ya shingo inapopita ndani ya mfupa wa chini ya fuvu, usiamini ukataji wa kujiendesha. Hukata na ukuta wa ateri, halafu inaonekana imesinyaa.

Aota ina kuta mbili

Karibu na moyo, aota inayopanda huweza kuonekana ina ukuta wa pili ndani, na ripoti ikasema aota imechanika. Hilo ni tamko la kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Kabla ya kulisema, angalia kama mstari huo uko karibu na valvu tu na unatoweka juu yake, na kama mishipa mingine ya moyo ina kivuli kama hicho. Ikiwa ndivyo, ni mapigo ya moyo. Kipimo kinachofuatana na ECG, yaani kinachopigwa kwa kufuata mapigo ya moyo, hutoa jibu.

Michirizi inayovuka matawi ya aota mara nyingi hutoka kwenye dawa nzito iliyoko kwenye vena ya mkono wa kushoto, inayopita mbele ya matawi hayo. Tumia mkono wa kulia.

Ikiwa tumbo lote limetikisika, uliza mgonjwa alielewa nini. Sauti iliyorekodiwa kwenye mashine humwambia ashike pumzi kwa Kiingereza, naye anazungumza Kilugbara, Kiacholi, Kinyankole au Kiswahili. Mashine nyingi zinaruhusu kurekodi sauti nyingine. Rekodi: "Vuta pumzi. Ishike, usipumue." Fanyeni mazoezi mara mbili kabla dawa haijaingia, mkimtazama kifua. Kwa mtoto au mzee anayehema, fupisha muda wa kipimo badala ya kumlazimisha.

Picha haina dalili yoyote, ni safi kabisa

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Picha ya ujazo huchora pale dawa ilipo, yaani njia ya damu, na si ukuta. Aota ya tumbo iliyotuna mara nyingi ina damu iliyoganda imejipanga ndani ya ukuta wake, na ndani yake imebaki njia nyembamba laini. Kwenye 3D utaona aota ya karibu sentimita 3 yenye sura nzuri, wakati ukuta wa nje uko sentimita 6. Ni kama kukadiria unene wa mti kwa kupima tundu lililomo ndani yake. Upasuaji kwa kawaida huzingatiwa aota ikifika sentimita 5.5 kwa wanaume na 5.0 kwa wanawake, kwa hiyo kosa hilo humrudisha nyumbani mtu aliyestahili kutibiwa. Pima kutoka ukuta wa nje hadi wa nje, kwenye kipande kinachokingama mstari wa kati wa mshipa.

Bonge la damu ndani ya ateri ya mapafu nalo hufichwa vivyo hivyo: dawa inayolizunguka hulifunika, na MIP nene hulimeza. Hakuna ripoti ya bonge la mapafu inayopaswa kuandikwa kutokana na 3D.

Programu inakwama

Kila kipande cha pikseli 512 kwa 512 ni karibu nusu megabaiti, hivyo vipande 1000 ni karibu megabaiti 500. Waundaji wa 3D Slicer, programu ya bure, wanashauri RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) mara kumi ya data unayofungua. Kwa kipimo hicho ni gigabaiti 5 kabla ya vitu vingine. Kata eneo unalolihitaji kwanza, kisha chora. Skrini ikiwa nyeusi, hamisha uchoraji kutoka kadi ya grafiki kwenda kwenye prosesa. Utakwenda polepole lakini utaona. Anza na mpangilio uliomo kwenye programu wa CT-AAA kwa aota au MR-Angio kwa MRI, halafu usogeze kizingiti. Waundaji hao wanasema wazi kwamba programu ni ya utafiti na haijaidhinishwa kwa matibabu, kwa hiyo ripoti rasmi itoke kwenye mfumo wa hospitali.

Umeme ukikatika katikati ya kazi utapoteza kila ulichokata. Hifadhi mara kwa mara, na kompyuta iwe kwenye betri ya akiba.

Modeli ya kuchapisha imekonda

Ulainishaji wa kawaida hula ateri nyembamba kila ukirudiwa. Chagua njia ya Taubin, ambayo haipunguzi ujazo kwa kiasi hicho, kisha iweke modeli juu ya vipande vya asili uone kama mstari wake bado unafuata ukingo wa dawa. Hakikisha printa inasoma milimita.

Mpasuaji amepokea picha lakini haimsaidii

Picha moja iliyotumwa kwa WhatsApp imebanwa, haizunguki, na mara nyingi ina jina la mgonjwa na umri wake kwenye kona. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda habari hizo. Futa jina kwenye data yenyewe na pia lile lililochapwa juu ya picha. Mtumie video fupi ya mshipa ukizunguka, kulia na kushoto kukiwa kumeandikwa, pamoja na vipande vichache vya asili pale penye tatizo na namba ya HU uliyoisoma. Data kamili ya DICOM, muundo wa faili za picha za hospitali, impelekee kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, kisha mpigie akiwa mbele ya skrini, mpitie vipande pamoja kabla ya siku ya upasuaji.